Kubip A, kubip B, kubip C

Najua nimepotea. Wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimeolewa huko Sumbawanga au nimelogwa (ile mizaha yenu ya "tupa uchawi" sisi watoto wa Rukwa tumeizoea, endeleeni tu). Sijaolewa, sijalogwa. Nilikuwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, nyumbani kwetu Izia. Nimerudi hapa Mkwawa wiki iliyopita na mafua ya baridi ya Ufipa, gunia dogo la maharage, na simu moja ya batani ambayo si yangu, imeandikwa B mgongoni kwa maka peni. Leo sina kipindi mpaka saa 8 mchana na mwenzangu wa chumba kaenda kufua, kwa hiyo wacha niwasimulie habari ya hiyo simu.

Nianzie mbali kidogo ili mnielewe. Machi 17, 2020, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza shule zifungwe kwa ajili ya korona. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Zile siku 30 za mwanzo zikaongezeka, na sisi hatukurudi darasani mpaka Juni 29 (kidato cha sita walitangulia Juni 1). Hapo katikati masomo yakaanza kurushwa redioni na kwenye televisheni, TBC. Jambo zuri kabisa, ila kwetu TV ilikuwa imekufa, ilipigwa na radi. Wanaoijua Sumbawanga wanazijua radi zetu.

Jirani yetu alikuwa na kebo. Ni mama mkarimu sana, lakini alikuwa na kichanga na ugonjwa ndio ule, akatuambia wanangu ndani siwaruhusu, ila TV nitaigeuza iangalie dirishani. Basi tukawa tunasimama nje, watoto saba au nane, tumejitanda makhanga juu ya masweta, tunasoma kupitia nondo za dirisha. Upepo ukivuma husikii kitu.

Kulikuwa na kijana mmoja wa darasa langu, sitamtaja. Alikuwa na kichwa cha hesabu hatari. Mwalimu wa kwenye TV akiuliza swali, yeye analijibu palepale kwa sauti, swali lenyewe halijaisha vizuri. Mwalimu anaendelea zake, anasema "vizuri sana" kwa jibu ambalo hajalisikia. Siku moja yule kijana akajibu ovyo kabisa, kwa makusudi, na mwalimu wa TV akasema vilevile, "vizuri sana". Sisi tukacheka mpaka tukakohoa. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Huyu angesema vizuri sana hata kama dirishani angesimama ng'ombe."

Kesho yake hakuja. Shule zilipofunguliwa alirudi wiki mbili tu, akateremka Bonde la Rukwa kulima mpunga na mjomba wake, na mpaka leo yuko huko. Sisemi TV ndiyo iliyomwachisha shule, nyumbani kwao kulikuwa na mambo mengine mazito. Ila hilo neno la ng'ombe nimetembea nalo miaka yote.

Sasa bwana, BTP nikapangiwa shule moja ya sekondari mjini kwetu, Hisabati kidato cha pili. Mkondo mmoja una wanafunzi 93. Kipindi ni dakika 40. Gawanya mwenyewe: hata nusu dakika kwa mtoto haifiki, na hapo hujaita majina wala hujafuta ubao. Wiki ya pili nilishaanza kufundisha safu mbili za mbele tu, kama wanavyofanya wengi, nikirudi nyumbani usiku najichukia.

Ndipo wazo la kebo likaja. Mitaa ya kwetu watu wengi siku hizi wana ving'amuzi, lakini kebo bado ipo, maana ni rahisi: waya unaingia ndani, unalipa kidogo kwa mwezi, unaona mpira na filamu, basi. Mzee wa kebo ana madishi juu ya bati lake kama uyoga. Kila chaneli anayoidaka ina kiboksi chake, zote anazichanganya na kuzipitisha kwenye waya mmoja unaoruka kutoka nguzo hadi nguzo na nyumba hadi nyumba, na kila baada ya umbali fulani kuna kidude cha kuipa picha nguvu isififie. Halafu ana chaneli yake mwenyewe pia: filamu zilizotafsiriwa na ma-DJ, mikanda ya harusi, matangazo ya misiba na ng'ombe waliopotea. Chaneli hiyo inatazamwa kuliko taarifa ya habari, msicheke.

Nikaenda, nikampa shikamoo, nikajieleza. Akanisikiliza akitafuna mua.

"Yaani watu wanilipe mimi halafu waangalie hesabu?"

"Nusu saa tu mzee. Kabla ya filamu."

Akafikiri. Akanipa Jumatatu na Jumatano, saa 12 kamili jioni mpaka saa 12 na nusu, kwa sharti moja: tangazo la msiba likija, somo linasimama. Nikakubali. Mkuu wa shule naye akasema sawa, mradi nisiitaje shule hewani. Nikakubali na hilo.

Nikamuuliza yule mzee swali lililokuwa linanikereketa: mtoto akiwa nyumbani, anaweza kunijibu kupitia waya huuhuu? Akanitoa nje, akanionyesha nguzo kwa kipande cha mua. "Mwanangu, hapa maji yanateremka. Hayapandi."

Nimekuja kusoma maktaba hapa chuoni kwamba wapo waliowahi kuyapandisha. Desemba 1, 1977, kampuni ya Warner ilifungua kebo iliyoitwa QUBE katika mji wa Columbus, Ohio, Marekani. Mtazamaji alikuwa na kidude chenye vitufe vitano vya kujibia, anabonyeza, na kompyuta ya kituo inahesabu majibu ya mji mzima. Kipindi hichohicho huko Spartanburg, South Carolina, walijaribu kusomesha watu wazima masomo ya sekondari kwa kebo, kila mmoja yuko kwake, anabonyeza jibu na mwalimu analiona. Niliposoma habari hiyo niliruka kitandani! Miaka karibu 50 iliyopita watu walishawaza shida yangu. Ila mambo hayo yanataka fedha, na QUBE yenyewe haikuimaliza miaka ya 1980. Kwetu waliopita njia nyepesi ni Ubongo Kids. Walianza Januari 2014 TBC1, katuni inauliza swali, mtoto anatuma jibu kwa SMS kwenye simu ya kawaida ya baba yake.

Lakini SMS inataka salio, na saa 12 jioni salio la baba ni la baba. Kitu ambacho hakitaki salio wote mnakijua. Mtoto gani wa Kitanzania asiyejua kubip?

Basi nikapanga simu tatu mezani. Unadhani jibu ni A, bip namba hii. B, hii. C, hii. Namba zenyewe nimeziandika kwenye manila nyuma yangu kwa herufi kama za duka la dawa. Simu A ilikuwa yangu. Simu B ya fundi mitambo, kijana wa mzee, aliyekuwa pia ndiye mpiga picha na kamera yake ya harusi. Simu C ya mama. Hapo kwenye C nilikosea, kwa sababu namba ya mama ukoo mzima wanayo.

Jumatatu ya kwanza nilitetemeka kama niko mbele ya kamati ya shule. Chumba chenyewe ni stoo, shuka la bluu ukutani, taa moja kali inayounguza paji la uso. Nikafundisha sehemu na asilimia, nikauliza swali, nikasubiri. Zikaingia bip nne jioni nzima. A moja. C tatu, na katika hizo tatu moja ni shangazi wa Majengo anataka kujua kama kweli ni mimi, na nyingine ni baba mmoja aliyeganda hewani mpaka fundi akapokea: "Filamu inaanza lini?" Kwa hiyo wanafunzi wawili. Nikalala na njaa.

Jumatano, 11. Jumatatu iliyofuata, 20 na zaidi. Watoto walianza kuniangalia tofauti asubuhi shuleni, wengine wananiita Madamu Kebo, nikajifanya sisikii huku moyoni nafurahi.

Shida kubwa ikawa kusubiri. Darasani ukinyamaza unaona nyuso. Pale stoo ukinyamaza unaona taa na fundi anayekupungia mkono, ongea, ongea, watu watadhani imeharibika! Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyepima jambo hili tangu miaka ya 1970, akakuta walimu wakishauliza swali wanasubiri kama sekunde moja hivi ndipo wanaita mtoto mwingine au wanajijibu. Wakijizuia mpaka sekunde tatu tu, watoto wanajibu kwa maneno mengi zaidi, na waliozoea kunyamaza wanaanza kusema. Na watu wa redio shirikishi, ile iliyoanza Nicaragua 1974 kwa hesabu, na Zanzibar wakaifanya tangu 2006 kwenye mradi wa RISE na watoto wadogo wa vituo vya Tucheze Tujifunze, wanauacha ukimya kwa makusudi ndani ya kipindi ili mtoto aliyeko upande wa pili ajibu. Mambo haya nilikuwa nimeyaandikia mtihani mwaka wa kwanza na kuyapasi. Kuyafanya mbele ya kamera ni kitu kingine. Tukaelewana na fundi, nikishauliza yeye anaweka ngoma dakika moja nzima. Hapo watu wanajua haijaharibika.

Sasa njooni kwenye siku niliyoumbuka.

Niliuliza: (a + b)² ni sawa na nini? A, a² + b². B, 2a + 2b. C, a² + 2ab + b². Walimu wenzangu mnalijua hili kosa, ni kosa la taifa. Ngoma ikapigwa, simu zikawika. A, bip 10. B, 2. C, 9. Nikafurahi! Nikasema hewani, kwa mdomo wangu huu, "Naona C zimekuja nyingi, vizuri sana." Nikaeleza harakaharaka, nikapita.

Asubuhi darasani nikaanza, "Kama tulivyoona jana kwenye kebo..." nikaendelea na somo la mbele yake. Nikiwa katikati nikageuka, nikaona nusu ya darasa na zaidi wameinamia madaftari ambayo hawaandiki kitu. Nikasimama. Nikauliza, walioangalia jana wanyooshe mkono. Mikono 31, kati ya 93. Halafu nikaandika swali lilelile ubaoni, nikawaambia wote waandike jibu kwenye karatasi bila kuangaliana. Nilizisahihisha mapumziko, chai yangu ikapoa. Hata kwa wale 31 wa kebo, walioandika C hawakufika 10. A zilijaa kama mvua.

Ilikuwaje simu ziniambie 10 kwa 9? Nilikaa na fundi tukahesabu. Bip moja, mpaka iite, ikate, laini iwe wazi tena, inakula sekunde tano, sita. Ndani ya dakika moja simu moja haiwezi kupokea bip zaidi ya 10 na ushee. Wengine wote wanaambiwa namba inatumika. Kwa hiyo jibu lenye watu wengi ndilo linalojaa mapema, linaonekana sawasawa na jibu lenye watu wachache. Na waliobaki nje ya laini walikuwa wakijaribu namba ya jirani yake ili mradi iite tu! (Mmoja aliniambia mwenyewe, bila aibu: "Madamu, A ilikuwa bize, nikabip C.") Hapo ndipo nilipompa "vizuri sana".

Haya, hilo la simu linachekesha. Ambalo halichekeshi ni wale 62. Pale kwetu wengi wao ni watoto wa vijijini, wazazi wako Mollo, Milanzi na mbali zaidi, wao wamepanga vyumba mjini wawili watatu, wanajipikia, wanaita geto. Geto lina godoro, jiko la mkaa na ndoo. TV ya nini, kebo ya nini? Mimi niliyesoma dirishani, nikiwa mwalimu kwa wiki nne tu, nilishajenga nyumba na kuwaacha wenzangu nje. Na dirisha lenyewe sikuwapa.

Nyumbani nilimwambia bibi nataka kuacha. Bibi hana habari na aljebra, ila alitaka kujua hao watoto wanasikiliza wakiwa wangapi. Nikasema kila mtu kwao. Akashangaa. "Kila mtu kwao? Sasa wanabishana na nani?"

Ndipo akanisimulia Mtu ni Afya. Nilikuwa nimeisoma: 1973, kampeni ya wiki 12, redio ya taifa, vijitabu, watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima kwenye vikundi vya kusikiliza. Sikujua kwamba mmoja wao alikuwa anachambua maharage mbele yangu. Walikuwa wanakaa chini ya mti, redio moja, kiongozi wa kundi na kijitabu chake, wasiojua kusoma na wanaojua. Redio inasema habari ya mbu, maji, choo. "Ikinyamaza ndiyo kazi inaanza. Tunabishana mpaka jioni. Halafu tunakubaliana choo cha nani kinachimbwa kesho."

Kwetu kuna kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira, mabenchi na TV kubwa, kimeungwa kebo. Saa 12 jioni siku za kazi kinakuwa kitupu. Mwenyewe alikubali bila hata kutaka kitu. Waliokataa ni wazazi, na walikuwa na haki, kibanda umiza kina sifa zake, mtoto wa shule akionekana pale jioni ni kesi. Bibi akamaliza ubishi. Akachukua kigoda chake, akaenda kukaa mlangoni. Kila Jumatatu na Jumatano. Nani ataleta uhuni mbele ya bibi yule?

Na sheria akaweka yeye: hakuna kubip mpaka wakubaliane. Benchi moja, jibu moja, bip moja. Mabenchi tisa, bip tisa, laini hazijai tena. Nilitafuta ufumbuzi kwa hesabu usiku kucha, kumbe ulikuwa kwenye kigoda. Na dakika moja ya ngoma haikutosha tena, tukaongeza mpaka tatu. Mzee wa kebo akalalamika kwamba chaneli yake imekuwa ya disko.

Mimi lakini nilikuwa stoo, siwaoni. Nasikia tu taarifa kwa mdogo wangu aliyekuwa akikaa nao: wamegombana, wamechora ukutani, kuna binti mmoja wa geto la Chanji anaongea sana. Anaongea? Huyo darasani kwangu wiki zote sita sikuwahi kusikia sauti yake. Nilidhani mdogo wangu kachanganya majina.

Jumatano moja nikauliza (a − b)². A, a² − b². B, a² − 2ab − b². C, a² − 2ab + b². Fundi akaweka ngoma. Dakika moja haijafika, tap! Umeme. Stoo ikawa giza, mitambo kimya, mzee anasikika nje akiulizia mafuta ya jenereta. Nikaona ngoja, nikachukua simu zangu tatu nikazitia mfuko wa sweta, nikakimbia kwenda kibandani kuwaambia warudi makwao kabla giza halijaingia.

Hawakuwa na habari na mimi. Walikuwa nje, kwenye vumbi la Agosti, wameinama duara. Chini wamechora shamba la mraba, kubwa, na mistari miwili imekata pembeni. Mvulana mmoja mrefu anashikilia A, ukipunguza b kila upande umeondoa b², imekwisha hiyo. Na yule binti wa Chanji amechuchumaa, ana kijiti, anachanganya Kifipa na Kiswahili kwa kasi ambayo hata mimi iliniacha kidogo. Anawaambia hivi: huu ukanda wa juu nimeung'oa, a mara b. Huu wa pembeni nimeung'oa, a mara b. Sasa hii kona hapa zinapokutana, nimeing'oa mara ngapi?

Kimya.

"Mara mbili! Ukimng'olea mtu tuta lake mara mbili na yeye analo moja, si unamdai kitu ambacho hana? Rudisha moja."

Hiyo "rudisha moja" ndiyo jumlisha b². Mimi nimefundishwa hicho kitu, nimekifaulu, nimekiandikia andalio la somo, na sijawahi kukieleza vizuri namna ile. Mdomo ulinifunguka kusema lile neno. Bibi aliniona kutoka kwenye kigoda, akanitazama tu, nikaufunga. Yule mvulana mrefu akazunguka ule mchoro mara mbili, akauliza tena kuhusu kona, akaelezwa tena, na wa benchi jingine, kisha akasema haya, bip. Mtu mmoja akatoa simu.

Ikaita mfukoni mwangu. C. Wote wakageuka.

Kicheko cha siku ile kilisikika Katandala.

Msidhani kuna muujiza mbele. Wiki iliyofuata mhadhiri alikuja kunikagua, nikafundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, somo likaenda kwa mujibu wa andalio, na yule binti akakaa kimya mwanzo mpaka mwisho, macho kwenye daftari. Nilimuuliza swali moja moja kwa moja. Akasimama, akasema "I don't know", akakaa. Anajua, na mimi najua kwamba anajua, lakini kwenye fomu ya ukaguzi hakuna mahali pa kuandika hilo. Jaribio la mwisho wa mwezi, swali la mabano ya mraba, waliopata walikuwa 40 kutoka wale wasiofika 10 wa kwanza, ila hesabu za maneno bado wamezikimbia. Mtihani wa upimaji wa Novemba utaleta swali kwa Kiingereza, na bibi hatakuwepo mlangoni.

Hapo ndipo ninapokwama, na ndiyo sababu nawaandikia. Waya haukuwa tatizo kubwa kama nilivyodhani. Maji hayakupanda hata siku moja, na watoto walijibu. Lakini walijibiana kwa lugha yao, kwenye vumbi lao, na darasani nimeshindwa kuwafungulia nafasi hiyo. Nina BTP ya mwaka wa pili mbele yangu na sijui nitaanzia wapi. Darasa la watu 93 unaligawa mabenchi namna gani, na Kiingereza unakiingiza dakika ya ngapi? Walimu mlioko kazini, niambieni.

Jambo jingine. Juzi mdogo wangu kanipigia, analalamika. Kumbe fundi alikuwa ananirekodi, na tangu niondoke mzee ameendelea kurusha yale masomo kwenye flashi, Jumatatu na Jumatano, ngoma na vyote. Watu wameyapenda. Nilifurahi kama dakika mbili, halafu nikakumbuka ile siku ya bip 9. Kwa hiyo pale Izia kuna jioni ambapo naonekana kwenye TV nikisema "Naona C zimekuja nyingi, vizuri sana", na simu ya C iko jikoni kwa mama! Nimemwomba fundi anifutie hiyo moja. Amesema atafuta. Yale mengine nimemwambia mdogo wangu akae kibandani na simu, na majibu yakitoka ampigie fundi asimamishe flashi mpaka mabenchi yamalize ubishi. Bibi bado anakwenda.

Malalamiko ya mdogo wangu sasa ni kwamba mimi nimeondoka na B. Kila swali, A zinakuja, C zinakuja, B hakuna, na watoto wameshashtuka kwamba B haiwezi kuwa jibu. Jana saa 12 na dakika 20 jioni niko foleni ya chakula, simu hii ikabip mara moja, ikakata. Namba siijui. Sijui hata walikuwa kwenye swali gani.

Kesho alfajiri nateremka Ipogolo kusubiri basi la Sumbawanga, nimpe dereva aipeleke. Nimeifunga kwenye soksi, na chaja yake.